Doa

Kioo nimekiazima kwa Onzima, mchomelea vyuma,
kile cheusi tii, namba kumi na nne.
Nimekibana kwa raba mbele ya lenzi,
kamera juu ya kigoda, kigoda juu ya pipa la maji.
Ua wetu, hapa Arua, ndio kituo changu cha anga.

Jua likaingia, duara, kijani kama ndimu,
na ubavuni doa.
Nikapuliza. Nikafuta kwa ncha ya kanga.
Nikamlaumu Onzima na cheche zake.
Doa halikubanduka.

Kesho yake lilikuwa limesogea.
Siku ya tatu likasogea tena,
kama mgeni anayehamisha kiti akifuata kivuli.
Basi si vumbi. Si kioo. Ni lake.

Nikamwonyesha mama. Akatua ungo wa ufuta,
akaitazama picha muda mrefu.
"Hata jua?" akasema,
mkono ukienda shavuni, penye baka la mafuta ya moto
analolifunika hata akiwa jikoni peke yake.

Jioni nageukia mwezi, hauhitaji kioo.
Mwezi wa kwetu haukai wima, umelala chali
kama kata ya kibuyu.
Picha nane zimetikisika: kwa Drateru wanatwanga karanga,
ardhi yote inaruka.
Ya tisa imetulia. Makovu yote wazi,
shimo juu ya shimo.

"Hiyo," anasema mama nyuma yangu, kichwa wazi,
"usiifute."