Jambia Uchi

Karakana yetu iko Ruwi, nyuma ya duka la betri,
ghorofa ya pili, kiyoyozi kinakohoa.
Oktoba hatulali.
Kila skuli, kila benki, kila bwana mwenye gari jipya
anataka nembo, na anaitaka jana.

Mie kazi yangu kuhesabu na kukataa.
Fundi ni Motalibu wa Silheti.
Hulitoa jambia kitambaani kama atoaye mwiba unyayoni,
taratibu, ncha ya ulimi nje:
kwanza mpini, kisha ala ilivyopinda,
kisha mkanda na pete zake, akizihesabu Kibangla,
mwisho mapanga mawili, kwa nyuma, yamepishana.

Mwaka huu akaja mteja na makasha,
beji elfu tatu za kiwanda cha mbali,
zinang'aa kama maganda ya peremende.
Alitaka tuzishone tu mifukoni mwa sare.
Nikaipeleka moja dirishani.

Jambia lilikuwa uchi.

Aliyelichora hajapata kuliona.
Kadhani silaha ni makali,
basi kalichomoa, kalinoa,
katia na kimulimuli nchani.
"Nani atagundua?" mteja akauliza.
Mtoto wa darasa la pili, nikamwambia,
ambaye babaake hulivaa kila harusi
na hajamwona hata siku moja akilichomoa.
Nchi hii imejichora na silaha iliyolala.
Ukiiamsha, bwana, umechora nchi nyingine.

Akabeba makasha yake, hakuaga.
Tajiri wangu hakusema nami siku mbili.

Nilipomsimulia mama, alicheka kwa pua.
Bi Zayana, mzaliwa wa Wete,
aliyefika hapa na sanduku moja
na Kiarabu cha msahafuni tu.
Baba yake alikuwa nalo jambia.
Ala ya fedha waliiuza njiani, Mombasa, kipande kipande,
pete kwa unga, pete kwa nauli,
mkanda kwa dawa ya mtoto ambaye hata hivyo hakupona.
Kikabaki chuma kitupu.
"Jambia uchi nalijua mie," akasema.
"Hukata vitunguu vizuri sana."

Pasi yake ya kwanza ameificha kwenye pipa la mchele.
Nembo ya jaladani imelika kwa vidole;
ukiinamisha kwenye taa
utaona mahali dhahabu ilipokuwa.
Siku alipoipokea kakaake alimwonya:
mapanga mawili hayakai ala moja, Zayana,
Kiswahili kiache huko huko forodhani.
Akamwonyesha jalada.
Haya hapa mawili, akasema,
nani kayaomba yaingie ala moja?
Yamepishana tu, kila moja na mpini wake.
Kakaake hakumjibu. Jibu alilipata miaka mingi baadaye,
hospitali ya Khoula, alipozinduka baada ya kisu cha daktari
na neno la kwanza kumtoka likawa "maji."
Si "mai." Maji.

Kadi ya Motalibu nayo ina nembo,
ndogo, juu ya tarehe ya kwisha. Machi.
Nilimuuliza ameshashona ngapi.
Akatazama vidole vyake kama vitamwambia.
Akageuza beji aliyokuwa nayo,
akanionyesha mgongo wake:
mafundo, nyuzi zilizokatwa kwa meno,
mapanga yamekuwa kichaka,
jambia limegeuka upande wa pili.
Kanuni, nimezisoma zote, zina vipimo vya mbele.
Nyuma hakuna aliyeandika kitu.

Novemba, njia ya kwenda kazini,
nilikuta watoto wamepangwa uani mwa skuli,
bendera inapanda kwa kukwama kwama.
Mstari wa tatu, binti mmoja, ushungi umempwaya,
amesimama wima kama wenzake
ila kidole kimoja kakiingiza chini ya nembo
na anakuna, anakuna,
pale fundo la Motalibu linapomwasha.