Kiinua Mgongo

Shirika lilikufa Alhamisi, kabla ya saa nne.
Tulikuwa kaunta, skafu shingoni,
abiria wa Asunción wamejipanga na masanduku,
ndipo skrini zikazima, moja, moja,
na Nelba Techera, miaka ishirini na sita lango la nne,
akatangaza kwa sauti ileile ya kila siku:
safari imeahirishwa.
Hakusema hadi lini. Hakuambiwa.

Julai, Montevideo, baridi hung'ata masikio.
Tuliketi nje ya uzio tukinywa majani machungu,
kibuyu kimoja, mrija mmoja,
ukitoa mdomo mwenzio anaweka wake,
asiulize mtu nani ana mafua.
Wilmar wa karakana akasema, kama anayejisemea:
ile ndogo ya mkia wa buluu, iliyokosa mnunuzi,
matairi yake yatabonyea upande mmoja
yasipozungushwa kila wiki.

Tukaenda kuyazungusha.
Bila mshahara, bila kibali;
mlinzi alikuwa shemeji wa mtu.

Halafu kiinua mgongo kikatoka.
Jina gani hilo! Migongo ilibaki ilipoinamia,
fedha tukazitia chini ya bawa.
Etchart rubani aliuza gari.
Mimi nilitoa paa la mama,
mabati niliyomwahidi,
naye akaendelea kutega ndoo
bila kunisema, jambo lililoniuma zaidi.

Tulipigia kura kila kitu:
rangi ya mkia, bei ya tiketi, nani afagie.
Ufagio ukamwangukia rubani,
kura thelathini na tisa kwa mbili,
ya pili ikiwa ya mkewe.
Wengine walichoka wakadai hisa zao. Tukawarudishia,
polepole, kama mtu anayelipa deni la msiba.

Kutoka shirika hadi ushirika ni herufi moja tu.
Ilituchukua miezi kumi na minne kuiandika,
na muhuri wa wizara juu yake ukiwa umepinda.

Asubuhi ya kwanza: abiria kumi na tisa,
kumi na mmoja kati yao ndugu zetu.
Nelba akashika kipaza sauti, akakohoa.
Ndipo bwana mmoja, kofia mkononi,
akatoa tiketi iliyokunjwa mara nne,
ya Alhamisi ile.

Kanuni zetu hazikuwa na kifungu.
Tukapiga kura palepale langoni,
mikono juu,
injini zikingoja.