Arobaini ya Kware

Arobaini ya mzazi naijua,
nimeifulia nepi, nimeipikia uji wa pilipili manga.
Arobaini ya maiti naijua,
mwaka juzi tu nimeikalia mkekani.
Ya mwizi anaijua kila mtu
hapa Barabara ya Kumi na Tatu.
Lakini ya kware
nilifundishwa na Shemdoe wa Muheza,
mwenye boksi la vifaranga ishirini na wanne
na ulimi uliopakwa samli:
"Wiki sita tu, mama Mwanaheri, wanataga.
Wewe kazi yako kutafuta trei."

Nikaandika kwenye daftari la vipimo,
chini ya kiuno cha Mwanasiti
na mabega ya bwana harusi wa Usagara:
kware, siku ya kwanza.

Wadogo kama vifundo vya uzi.
Niliwaweka pembeni mwa cherehani
ndani ya kreti za soda nilizozizungushia wavu,
taa ikiwaka hadi saa tano usiku,
maana kware, alisema, hutagishwa na mwanga.
LUKU ikalia. Nikainunulia.
Nikashona kwa taa ya ndege,
pindo baada ya pindo,
nikikanyaga pedali kwa ncha za vidole
wasije wakashtuka.

Wiki ya tano vifua vikasema:
chekundu cha tofali, dume;
chenye madoa, kama kitambaa kilichorukiwa na wino, jike.
Majike kumi na matano.
Nikapiga hesabu
ambayo siiandiki hapa, ina aibu.

Siku ya arobaini niliamka kabla ya adhana,
nikatia mkono kwenye maranda.
Maranda.
Arobaini na moja: maranda.
Na mbili: maranda, na kinyesi.
Na tatu, harusi ya jirani, spika mbili zimenielekea;
kware wakaruka wima, wawili wakachubuka utosi.
Na nne nikabadili chakula,
dagaa wa kusaga, mashudu, maganda ya chaza niliyoyatwanga mwenyewe.
Na tano Mwanasiti akaja kupimwa tena,
akachungulia kreti, akacheka:
"Shoga, hawa wote madume.
Umeuziwa waadhini."
Na sita, kodi.

Na saba, nikawauza.
Kwa Semhando, fundi baiskeli wa Makorora,
kwa bei ya nyama, si ya mayai.
Alizifunga kreti kwa mpira wa tairi,
wakaondoka na ule mlio wao mdogo,
mkasi usiotiwa mafuta,
hadi kona ya msikiti ikaumeza.
Usiku ule nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote.
Hakuna aliyeshtuka.

Na tisa, jioni, mtoto wa Semhando mlangoni,
kaptura ya shule, ngumi imefumbwa.
"Baba kasema hili lako. Leo yametoka manne."

Likashuka kiganjani mwangu, lina joto,
la ndege au la mtoto, sikujua.
Ukubwa wa kungumanga.
Madoa yamelundikana upande mmoja,
upande wa pili mweupe mtupu,
kana kwamba mwenyewe
bado anajifunza kutia nakshi.

"Taa mnawawashia mpaka saa ngapi?" nikamuuliza.
Akanitazama.
"Sisi hatuna umeme."

Nililiweka kwenye kopo la vifungo,
kati ya vya koti na vya baibui.
Nikafungua daftari, nikaandika: siku ya arobaini na tisa, moja.
Jicho likateleza juu ya ukurasa,
likasimama kwenye kiuno cha Mwanasiti:
kile cha zamani nimekikata kwa mstari,
kipya nimekiandika pembeni,
kimezidi inchi mbili,
naye hajaniambia neno.

Nikafunga daftari.
Mara hii simhesabii mtu siku.