Daftari la Struan

Alhamisi, saa moja usiku, Dundee,
chumba kilicho juu ya dobi, sakafu inanguruma
kwa mashine za chini zinazokamua mashuka ya hoteli.
Eilidh ametandaza ramani mezani,
pembeni biskuti za shayiri na birika la chai
isiyo na tangawizi wala haya.

"Leo," anasema, "wema tumeuchoka.
Kila mtu aniletee askari mwovu."

Nikacheka. Kutwa nzima
nilikuwa nikiwaogesha wazee wa watu,
nikiitwa malaika na wale waliosahau jina langu.
Nani asingependa kuyavua mabawa
akayatundika mlangoni, pamoja na makoti yaliyolowa?

Tukachagua uovu kama watu wachaguavyo vitambaa.
Rory akamtaka yule wa hasira, mtafuna ngao,
apiganaye kifua wazi kwenye theluji
asijue adui ni yupi hadi vita viishe.
Ailsa, mkewe, akachukua mamluki:
anaupigania mfuko, na mfuko ukitoboka anahama.
Mimi nikamtaka shujaa aliyevunja kiapo,
deraya nyeusi, farasi asiye na kivuli,
nikamtungia majigambo kwa Kiswahili,
maana uovu wa Kiingereza haunitoki vizuri:

*Mimi Kutu wa Upanga,
sili wali, nala janga,
nikipita kwenye anga
hata kunguru hulia.*

Wakapiga makofi bila kuelewa neno.
Nikarusha dadu la nyuso ishirini;
likazunguka, likagonga birika, likalala kumi na tisa.
Daraja likaanguka na walinzi wake sita.
Nilijisikia mrefu.

Akabaki Struan wa maktaba,
mpole kama uji wa mgonjwa.
Askari wake hana pembe, hana fuvu kifuani.
Ana buti safi. Ana daftari.
Aliingia kijiji kilekile tulichokwisha kukitisha,
akavua kofia, akaomba maji, akashukuru,
akauliza majina.
La baba. Ya watoto. Nani analala chumba kipi.
Nani alimpa mkimbizi mkate juzi.
Akaandika taratibu, kalamu ya kweli, karatasi ya kweli,
na Eilidh, anayewasemea wanakijiji wote,
akaanza kujibu kwa sauti ndogo,
kisha akaacha kujibu.

Hakurusha dadu hata mara moja.

"Huyu sasa ndiye," akasema Rory,
akatafuta kicheko mfukoni, hakukiona.
Chini, mashine ikazima.
Struan akafungua ukurasa mpya, akanigeukia:
"Na wewe uliyekuwa juu ya farasi pale mlangoni
muda wote nilipokuwa naandika. Jina lako?"

Alimkusudia shujaa wangu, najua.
Lakini ulimi una njia zake,
nikamjibu kwa jina nililopewa Pangani,
nililorithi kwa bibi, ambaye mama yake
alidhani ni tumbo la kawaida hadi mwezi wa saba:
"Sikujua."

Akaliandika. Akaniuliza herufi.
Kwao pale mezani ni jina tu, kama Ailsa, kama Rory.
Mimi peke yangu nililisikia likitoka
kama linavyotoka kinywani mwa askari
siku madaftari yanapofunguliwa.

Tulikunja ramani mapema.
Nje mvua ya kule, isiyonyesha wala kuacha.
Nimefika kona ya duka la samaki wa kukaanga
nikasikia viatu vinanikimbilia,
vyepesi, vya mtu asiyezoea kukimbia.

Struan, na mwavuli wangu mkononi.
"Umeusahau," akasema, akihema, akitabasamu
tabasamu lake lilelile la kurudisha vitabu vya watu.
Nikamshukuru, na nilishukuru kweli.
"Unakaa upande gani? Nikusindikize, giza hili."

Nikanyoosha kidole
upande mwingine.