Naegesha Mteremkoni

Stata ilikufa mwezi wa nne, mvua zikiaga.
Gwamaka, fundi wangu wa Mafiati, aliingia uvunguni,
akaigonga kwa spana kama daktari anayegonga goti,
akasema, "Ni kitu kidogo tu, mwalimu."
Kitu kidogo cha laki mbili na nusu.
Tangu hapo naegesha mteremkoni.

Mtu wa Mbeya akinisikia hanicheki.
Anajua mji huu uliumbwa umeinama:
ukidondosha chungwa miguuni pa Loleza
utaliokota Mwanjelwa, limeshamenywa.
Asubuhi natoa jiwe, nashusha breki ya mkono,
gia ya pili, klachi chini, nangoja
gari lijisikie uzito wake,
mita kumi, ishirini, naachia.
Linakohoa, linatetemeka, linaamka
kama mstaafu aliyeitwa jina lake dirishani benki.

Kwa hiyo maisha yangu yana uelekeo mmoja.
Nimehama kanisa. Lile la zamani liko tambarare,
na Mungu, nadhani, yuko kote.
Sukari nanunua kwa Mama Tumpale, ghali,
kwa kuwa mbele ya duka lake barabara imelegea kama mkanda.
Kwa daktari wa meno sijaenda.
Trafiki wa Uyole nilimwomba mara moja
anisimamishe mbele kidogo, pale panaposhuka;
siku hizi akiliona husogea mwenyewe.

Mengine usiniulize.
Dirisha la kushoto hupandishwa kwa viganja viwili.
Hita haijui kuzima: Juni, Ntokela,
ukungu umekalia barabara kama ng'ombe,
namwombea heri aliyeiharibu;
nikishuka Kyela naiva pamoja na kakao.

Shemeji Anyelwisye alikuwa akisema, "Liuze kwa kilo."
Kila Krismasi. Mbele ya watoto wangu.
La kwake liliwaka kwa kitufe,
na tukiagana alikibonyeza taratibu
ili nisikie vizuri.

Mwezi wa nane alilala Ubaruku, hakuamka.

Ubaruku! Nani asiyeijua Usangu?
Muumba alipofika kule alikuwa ameishiwa vilima.
Majaruba, majaruba, kisha anga.
Nilizunguka nyumba ya msiba mara mbili
nikitafuta hata kichuguu.
Nikazima. Nilijua ninachokizima.

Tukamzika, vumbi likituingia hadi ndani ya nyimbo.
Jioni nikazungusha ufunguo
kama mtu anayebisha nyumba anayojua imehamwa.
Tk.
Mvulana mmoja akasema, "Betri."
Mwingine, "Plagi."
Kila msiba una mafundi wake.
Pembeni gari la marehemu lilimeremeta,
na hakuna aliyejua ufunguo wake aliuweka wapi.

Ndipo dada yangu Subilaga akatoka ndani,
mjane wa siku tatu, hajala, hajasema neno,
shangazi wawili nyuma yake wakimrudisha.
Akakaza kanga kiunoni.
"Gia ya pili?" akauliza.
Nikaitikia kwa kichwa.
Akaweka viganja juu ya buti,
na wanawake wote wa msiba, mmoja mmoja,
wakaweka vyao.

Mara ya kwanza, hamna.
Mara ya pili lilipiga chafya likanyamaza.
Mara ya tatu liliwaka kwa kishindo,
likawatemea kwaya nzima moshi mweusi,
nami nikakanyaga mafuta, nikakanyaga,
maana likizimika hapa limezimika.

Kiooni nilimwona amesimama katikati ya barabara,
mikono magotini, mabega yakitikisika.
Kioo kile kimepasuka tangu Makambako.
Sikuweza kuona ni kicheko,
au ni kile kingine.
Na sikuweza kusimama kumuuliza.