Hakikulia

Mimi ni karani wa meza. Huu ni msimu wa ishirini na mbili
naandika faulo kwa penseli kwenye Chuo cha Willow Fork,
Nebraska, mji wenye maghala mawili ya mahindi
na treni ya mizigo isiyosimama.
Penseli, kwa sababu refa hubadili mawazo.

Kocha Ostrander namjua kwa viatu.
Ukiwa mezani ndivyo unavyoviona: vyeusi,
kisigino cha kulia kimelika, vinakwenda, vinarudi,
vikigeuka ghafla ujue kuna mtu anatolewa.
Mkurugenzi wa michezo, Bwana Sedlacek, namjua kwa harufu:
peremende ya mnanaa
hufika kabla yake.
Zamani alikuwa msaidizi wake. Alimbebea mipira,
na mama yake Ostrander alipozikwa, ni yeye
aliyezoa theluji kwa beleshi mpaka kaburini.
Siku hizi huandikiana barua. Ofisi zao zinagawana ukuta.

Mjini wanasema chanzo ni basi,
saa kumi na moja barabarani hadi Minot
na wavulana wanapanda ndege.
Wengine wanasema ni ukumbi, nani aamke alfajiri.
Yote kweli. Kuni zilikuwa zimeshapangwa.
Kiberiti kilikuwa goti.

Goti la kushoto la Tamsin Birdsall, mwaka wa pili,
pointi kumi na tisa kila mechi,
limevimba kama andazi.
Usiku ule tulizindua ubao mpya wa matokeo.
Mzee Lindqvist, muuza matrekta, ndiye aliyeutoa.
Alikaa safu ya kwanza, blanketi mapajani,
na hakuja kuangalia ubao.
Robo ya tatu, tuko nyuma kwa sita,
mnanaa ukapita mgongoni mwangu.
Akainama kati ya kiti changu na benchi.
"Dakika nne tu, Margit. Dakika nne, na paa tunajengewa."
Viatu vikasimama.
Sijawahi kuona viatu vikisimama namna ile.
"Goti si lako, Vernon. Wala si langu."
Akamwita Ines Pacholski, ambaye msimu mzima
alikuwa amecheza dakika saba.

Tulifungwa kwa pointi mbili.
Ubao mpya ukazionyesha kwa wekundu
mkubwa kama mlango wa kanisa,
ukagoma kuzimika mpaka saa sita usiku.
Hakuna aliyejua swichi iko wapi.

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, sawa.
Huku fahali tunao, nyasi tunazo,
lakini sijaona nyasi zikikaa mwisho wa benchi
na mfuko wa barafu, zikilia
kwa kuwa hazikukanyagwa.
Tamsin alimnunia kocha wiki mbili nzima.
Uwanja aliutaka. Hilo nalo liandikwe.

Machi, kamati ikaniita. Watu watano, jagi la maji,
picha ya mwanzilishi wa chuo ikinitazama kwa mashaka.
Ulikuwa katikati yao. Ulisikia nini?
Nina bima ya chuo. Nina mke wa dawa za kila mwezi.
Nikafungua daftari, nikawasomea:
robo ya tatu, mapumziko, Willow Fork,
faulo za timu, nne.
"Na maneno?"
Nikasema king'ora kilikuwa kinalia.

Hakikulia.

Ostrander alihama kwa maboksi ya ndizi.
Sedlacek aliushikilia mlango kwa mguu
maana mikono yake ilikuwa na boksi la pili.
Hawakusemezana.
Walishuka ngazi hatua kwa hatua, sambamba,
kama watu waliozoea kubeba pamoja.

Kocha mpya ni kijana. Viatu vyake vyeupe
haviachi alama sakafuni.
Paa bado linavuja juu ya mstari wa faulo,
tumetega ndoo.
Tamsin anaizunguka ndoo, anaruka,
nami siangalii mpira, naangalia goti
linavyorudi chini.
Linatua. Linashika.
Naandika mbili.