Patasi Sita kwa Kilo

Kaombwe wa vyuma chakavu, nyuma ya soko la Kachoma,
hauzi patasi. Anauza uzito.
Alizitupa kwenye mizani pamoja na pedeli ya baiskeli,
akasema, kilo mbili na robo,
toa hiyo pedeli kama huitaki, bei ni ileile.

Nikanunua na pedeli.

Nyumbani Cheyo nikazitandaza juu ya gunia:
bobari tatu, bapa mbili,
na moja nyembamba kama ulimi wa kenge.
Nikazilaza usiku kucha ndani ya mafuta ya taa,
asubuhi nikazisugua kwa majivu na gunzi la mahindi
mpaka chuma kikaanza kutaja jina lake.
Maana feleji husema. Igonge kwa ukucha:
ya kweli hulia tiii, na mlio unakawia kuondoka.
Zile mpya za dukani, zenye mipini ya kung'aa,
hujibu tap,
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Sitaki kudanganya. Si kila cha zamani ni kizima.
Bobari moja imekufa matiko;
kuna mtu aliibana kwenye jiwe la umeme kwa pupa
ikageuka buluu, rangi ya shingo ya njiwa.
Nainoa, inanicheka. Nainoa tena,
inakata mkondo mmoja na kulala.
Hiyo nimeipa kazi ya kufungulia makopo ya rangi.
Na kwenye mkurungu, mti ule mbishi,
hata hizi nzima huomba kinoo kila mguu mmoja wa kitanda.
Chuma cha siku hizi, kile cha bei mbaya,
kingemaliza miguu minne bila kupumua.
Najua. Sina hela yake.

Lakini kwa mninga!
Bobari pana ikikaa sawa juu ya kiegemeo,
umeme ukiwa na adabu siku hiyo,
maranda hutoka marefu, hayakatiki,
yananipanda mkono mpaka kiwikoni,
na mguu ukitoka hapo hauulizii msasa.
Unaupitishia kiganja tu, kama unavyompapasa ndama.

Moja bado sijaisema.

Ile nyembamba, mpini wake ni mpingo,
umechongwa herufi tatu: L.K.M.
Nimeuliza karakana ya reli, nimeuliza wastaafu,
hakuna anayemjua L.K.M.
Mpini umelika upande mmoja, kishimo cha kidole gumba
kiko pale ambapo gumba langu halifiki.
Nikadhani mwenyewe alikuwa na kilema.
Mwezi mzima naishika, inaruka, inang'ata mti.

Juzi Nyamizi, binti wa dada yangu, alikuja kufagia maranda.
Huyu alipokuwa mdogo tulimfunga shoto kwa kitambaa
ili ajifunze kula kama watu.
Mimi ndiye niliyekaza fundo.
Akaiokota sakafuni airudishe rafuni
na gumba lake likadumbukia kwenye kile kishimo
kama komeo.

Akaigeuza. Akaitazama. Akanitazama.

Nikafunga kipande cha mninga kwenye kerezo,
nikamwambia, simama hapa, egemeza hapa, usiogope,
nikabonyeza swichi,
na umeme, mwana haramu, ukakatika mji mzima.

Nikasema, weka chini, tutajaribu kesho.
Hakuweka.
Tulikaa kwenye benchi hadi saa mbili usiku,
mimi na pedeli yangu isiyo na baiskeli,
yeye na ile patasi mkononi,
ule mkono.